Siku tatu mjini na watoto wawili wadogo: naomba mnisaidie kupunguza ratiba

Mama Wawili

Habari zenu wadau. Nina jambo, na naomba mnijibu kama mnavyomjibu ndugu yenu wa damu.

Mwezi ujao mimi na mume wangu tumepata nafasi ya siku tatu. Tunakwenda kwa treni, tunafika Ijumaa saa 6 mchana na kuondoka Jumapili jioni. Ni mji mkubwa na hakuna kati yetu aliyewahi kufika. Tuna kijana wa miaka minne na binti wa miezi 16. Kijana anauliza maswali kuanzia anapofungua macho. Binti ameanza kutembea juzijuzi tu, kwa hiyo hataki kubebwa, ila akichoka anataka abebwe papo hapo.

Nimeandika orodha ya tunayotaka kuona: makumbusho, bustani ya wanyama, jumba la samaki, mnara, boti ya mtoni, mji wa kale, soko, bustani kubwa ya katikati na ukumbi wa michezo ya watoto. Yote tisa. Jana usiku mume wangu alipoisoma akaniuliza watoto watalala saa ngapi. Nikaangalia karatasi nzima, sikuwa nimeandika popote.

Kinachonitia hofu ni safari ya mwaka jana. Tulikwenda mji mwingine na kijana peke yake. Siku ya pili, saa 9 alasiri, alijilaza chini kwenye foleni ya mnara akalia mpaka akatapika. Tulikuwa tumesimama pale dakika 50. Tukaacha foleni, tukarudi chumbani, na mimi na baba yake hatukusemezana mpaka asubuhi. Hii ndiyo likizo yetu pekee mwaka huu, sitaki yale yajirudie.

Maswali yangu: mambo mangapi kwa siku? Tulale katikati ya mji au pembeni? Na je, kigari au mbeleko?

Baba Pacha

Dada, karibu. Nina pacha wa miaka mitatu na tumeshafanya safari za namna hii nne, mbili za kwanza zikiwa mbaya kabisa. Kijana wako hakulizwa na foleni, alilizwa na saa. Saa 9 alasiri, mtoto wa umri ule ambaye hajafumba jicho mchana na hajala sawasawa, hata ungempeleka peponi angelia.

Fanya hesabu hii kabla hujagusa orodha. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili anahitaji kulala saa 11 hadi 14 kwa siku, na wa miaka mitatu na minne saa 10 hadi 13, usingizi wa mchana ukiwa ndani ya hesabu. Tuseme binti analala saa 13. Zinabaki 11. Toa milo mitatu na vitafunio viwili, toa kuoga, kuvaa, kubadilisha pampasi, kumtafutia kiatu. Kwangu mimi hayo peke yake ni saa tano. Zinabaki sita, na ndani ya hizo sita kuna kungoja basi, kupanda ngazi, na kusimama kila hatua kumi kwa sababu ameona njiwa.

Kwa hiyo andika usingizi kwanza, kwa wino, halafu vitu vingine vijipange kuuzunguka. Sisi tunafanya hivi: asubuhi jambo moja kubwa, tunafika mlango unapofunguliwa, maana saa ile watu ni wachache na watoto wana nguvu. Saa 6 na nusu tunageuza. Saa 7 hadi 9 wanalala. Alasiri hatuna tiketi ya kitu chochote, tunakwenda mahali pa wazi tunapofika kwa miguu. Saa 12 na nusu jioni kuoga, na siku imekwisha.

Ijumaa ya kufika usiihesabu. Jumapili ihesabu nusu. Maana yake kati ya yale tisa una nafasi ya mawili. Najua inauma.

Mama Wawili

Inauma kweli. Mawili tu? Kwa nauli yote ile?

Baba Pacha

Mawili ya uhakika, dada. La tatu liwe la akiba, ambalo hulilipii kabla. Likipatikana ni zawadi, lisipopatikana hakuna anayedaiwa. Hasira kati yangu na mke wangu kila mara ilianzia kwenye tiketi iliyokwishalipiwa. Ukishalipa unamburuta mtoto ili pesa isipotee.

Mtembezi Taratibu

Nianzie pale pa malazi kwa sababu ndipo safari fupi inapofia.

Lala katikati, hata kama chumba ni kidogo. Hesabu utatoka na kuingia mara ngapi: mara mbili kwa siku, watu wanne, mmoja hatembei vizuri. Chumba kizuri kilicho dakika 40 kutoka mjini kinakula zaidi ya saa mbili na nusu za siku yako, na hutarudi mchana kwa sababu utaona ni mbali. Basi usingizi wa mchana ndiyo umekwenda. Chumba cha pembeni kinafaa ukiwa na wiki nzima, kwa usiku mbili hapana.

La pili, piga simu. Usiridhike na maandishi. Sisi tuliahidiwa kitanda cha mtoto kwa barua pepe, tena mara mbili. Tukafika saa 4 usiku, kijana wa mapokezi akatuambia vitanda vyote vimeshachukuliwa na wageni wengine. Usiku ule tuliteremsha godoro chini, mwanangu wa miezi tisa akalala ukutani, mimi nikawa kizuizi cha upande wa pili, na sikugeuka ubavu mpaka alfajiri. Tangu hapo napiga simu siku mbili kabla, naandika jina la aliyenijibu na saa niliyopiga.

Ukipiga uliza haya. Lifti inaanzia chini kabisa, au kuna ngazi za nje kwanza? Chumba kinatazama barabara au ua? Madirisha yanafungwaje? Kuna friji, hata ndogo? Mkifika kabla chumba hakijawa tayari, mnaweza kuacha mizigo? Na Jumapili je, mkitoka chumbani saa 5 asubuhi, mizigo itakaa wapi mpaka jioni? Hilo la mwisho watu wengi hulisahau, halafu wanajikuta wanazunguka mji na begi mbili, kigari na mtoto mwenye usingizi.

Halafu kuna swali ambalo nilichelewa sana kulijua: je, kuna mahali pa nyinyi wawili kukaa watoto wakishalala? Kama ni chumba kimoja tu, saa 1 na nusu usiku mtazima taa na kukaa gizani mkinong'onezana hadi mlale. Tafuteni chumba chenye pazia zito linalokigawa, au chenye varanda, au apatimenti ya chumba na sebule. Bora upunguze kitu kingine chochote, hilo ulipate.

Mguu na Njia

Naomba nipingane kidogo na Baba Pacha, kwa heshima.

Kurudi chumbani kila mchana si lazima kwa kila mtoto. Binti yangu kuanzia miezi minane mpaka karibu miaka mitatu alilala kwenye kigari popote pale. Tulikuwa tunapanga makumbusho ya picha saa ya usingizi wake, si saa ya kuwa macho. Analala, sisi tunatembea polepole kati ya picha, kuna baridi, kuna kimya, sakafu ni laini. Nimeona picha nyingi katika miaka ile kuliko miaka yote kabla hajazaliwa. Akiamka tunatoka nje, zamu yake inaanza.

Masharti ni haya: kigari kiwe kinalala chali kabisa, si cha kukaa wima. Na msikifunike kwa kanga au blanketi kumkinga na jua. Hewa haipiti, joto linapanda ndani kwa muda mfupi na wewe nje huhisi kitu. Tumia kivuli cha kigari chenyewe, au tembeeni upande wenye kivuli.

Baba Pacha

Mkuu, sikatai. Ila pacha wangu hawakuwahi kulala kwenye kigari zaidi ya dakika 20, mmoja akiamka anamwamsha mwenzake. Tulisoma ushauri kama wako tukauamini, ndiyo maana nikasema safari mbili za kwanza zilikuwa mbaya.

Dada, una mwezi mzima. Mjaribu binti nyumbani. Jumamosi mbili mfululizo, saa yake ya kulala ikifika, mko nje barabarani na kigari. Akilala saa nzima, fuata njia ya Mguu na Njia. Akigoma, rudini chumbani. Jibu analo yeye, si sisi humu.

Mguu na Njia

Hapo nakubali kabisa. Ajaribiwe.

Fundi Ramani

Mimi kazi yangu inanizungusha miji mingi na mara nyingine naenda na familia. Nina mawili matatu.

Kwanza, siku za kufungwa. Kwenye safari ya siku tatu ukikosea siku moja umepoteza theluthi. Makumbusho ya Louvre ya Paris yanafungwa Jumanne, na ya Musée d'Orsay, ng'ambo ya mto tu, yanafungwa Jumatatu. Hakuna kanuni moja, kila jumba lina siku yake. Angalia tovuti ya mahali penyewe, si orodha ya mtu mwingine aliyoandika miaka iliyopita.

Pili, ngazi. Ramani ya treni za mjini inakudanganya kwa sababu inaonyesha mistari, haionyeshi ngazi. Paris, mstari wa 14 una lifti vituo vyote, lakini mistari ya zamani ni ngazi juu ngazi chini. London, karibu theluthi moja tu ya vituo vya Underground, treni yao ya chini ya ardhi, unaweza kuingia na kutoka bila ngazi, na ipo ramani maalumu inayovionyesha. Ukiwa na kigari na watoto wawili, basi la juu barabarani mara nyingi linashinda treni ya chini hata kama kwenye saa linaonekana la polepole. Na mtoto anaona mji, hatazami ukuta mweusi. Tena angalia umri wa kusafiri bure kabla hujamkatia mtoto tiketi. London, mtoto wa chini ya miaka 11 akiwa na mtu mzima aliyelipa hupanda Underground na basi bure.

Tatu, hili nitalieleza kwa urefu kidogo kwa sababu lilinibadilisha.

Nilimpeleka mwanangu wa miaka minne Natural History Museum ya London. Pale ukumbi wa kuingilia, tangu mwaka 2017, wamening'iniza mifupa ya nyangumi wa buluu, urefu wake mita 25, kichwa kimeinama kama anapiga mbizi kuwajia waliopo chini. Mimi nilikuwa na mpango: huyu dakika tano, kisha dinosaria, kisha mawe, kisha wadudu. Mwanangu alitazama juu, akakaa chini, kisha akalala chali sakafuni katikati ya watu. Nikamwambia inuka, akaniambia, "Baba, lala uone." Sikutaka, watu wanapita. Mwisho nikalala. Ukiwa chali yule mnyama anaonekana anatembea. Akaanza kuhesabu mbavu, akipotea anaanza upya. Akaniuliza alikuwa anakula nini, mdomo wake mbona hauna meno. Nikamwambia anachuja viumbe vidogo vya baharini. Akanyamaza, kisha akauliza vingapi.

Tulikaa pale karibu nusu saa kisha akasema amechoka, tutoke. Hatukuona dinosaria hata mmoja. Nilitoka na kinyongo moyoni, nasema ukweli. Leo ana miaka saba, bado anachora nyangumi. Niliyoyaona mimi siku ile, kwenye majumba mengine mawili niliyomburuta baadaye, yeye hakumbuki hata rangi ya mlango.

Kwa hiyo ukienda makumbusho chagueni kitu kimoja ndani yake, mkione, mtoke. Jumba lisilo na kiingilio linafaa sana kwa hilo, maana hutajilazimisha kubaki.

Wa Kwanza Mara Hii

Samahani kuingilia uzi wa dada. Sisi tunakwenda kwa ndege, mtoto ana miezi 11. Kuna la kujua?

Fundi Ramani

Yapo, kwa kifupi. Chini ya miaka miwili mashirika mengi humruhusu akae mapajani. Akitimiza miwili anahitaji kiti chake, na akitimiza mkiwa huko, basi wakati wa kurudi anahitaji kiti. Kigari mashirika mengi hukuruhusu kukisukuma hadi mlango wa ndege, ila uliza utakipokea wapi mkishuka. Mlangoni au kwenye mkanda wa mizigo, tofauti ni kubwa ukiwa na mtoto aliyelala. Maziwa na chakula cha mtoto kwenye viwanja vingi havifungwi na ile sheria ya kutoingia na kimiminika cha zaidi ya mililita 100, lakini viweke juu, vionekane. Ndege ikianza kushuka mpe titi au chupa. Kule kumeza ndiko kunakofungua masikio, na kushuka kunauma kuliko kupaa. Usimwamshe ndege ikiwa tayari inagusa ardhi, umeshachelewa. Anza rubani anapotangaza kushuka.

Na kama mzazi mmoja anabaki, beba barua ya ridhaa yake na cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Nchi nyingine huviuliza mpakani.

Nesi wa Zamu

Mama Wawili, nafanya kazi wodi ya watoto. Nitasema yale ninayoyaona yakirudi kila likizo.

Mpime kila mtoto uzito kabla ya kuondoka. Parasetamo ya maji hupimwa kwa kilo, si kwa kukisia umri: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa 4 hadi 6, isizidi mara nne kwa siku. Chupa hazina nguvu sawa. Iko yenye miligramu 120 kwenye mililita 5 na iko yenye 250, na ukinunua ya mji mwingine usiku wa manane, mkono unaweza kumimina kipimo cha ile ya nyumbani. Kwa hiyo beba ya kwenu, na uandike kwenye boksi kwa kalamu kilo za mtoto na mililita zake. Beba na pakiti za ORS, ile chumvi ya kurudisha maji mwilini mtoto akiharisha, na usome pakiti inataka maji kiasi gani, kwa sababu zipo za lita moja na zipo za mililita 200. Ukikosea hapo unaharibu dawa.

Mkiingia chumbani, kabla ya kufungua begi, mmoja wenu apige magoti atembee chumba chote kwa urefu wa mtoto. Utaona waya wa birika unaoning'inia, kona ya meza, kidonge cha mgeni aliyepita chini ya kitanda. Hicho kidonge nimekiona kwa macho yangu. Kisha dirisha na varanda: kiti kisikae karibu na kizuizi, mtoto wa miaka minne anakiburuta na kupanda. Maji ya moto ya hoteli yapime kwa kiwiko kabla ya kumwingiza binti, mara nyingi ni makali kuliko ya nyumbani.

La kupotea. Kila asubuhi mpige kila mtoto picha mkiwa mlangoni, na nguo alizovaa siku ile, na viatu. Mtoto akipotea, mama anasahau shati lilikuwa rangi gani, nimewaona. Andika namba yako ya simu upande wa ndani wa mkono wake kwa kalamu ya wino. Jina usiliandike nje ya nguo, asiitwe na mtu asiyemjua. Kijana umfundishe sentensi mbili tu: "Nikiwa siwaoni, nasimama hapo hapo." Na akiona muda umepita, "Namtafuta mama mwenye watoto." Mfanyieni mazoezi sokoni kabla ya kusafiri, siyo mumpe maneno matupu.

Na kwenye ngazi za umeme, kigari kikunjwe na mtoto abebwe, au mtafute lifti. Viatu laini vya plastiki vinanaswa pembeni ya ngazi hizo. Avae viatu vya kufunga.

Mama Wawili

Nesi, Mungu akubariki. Lile la picha ya asubuhi nimelisoma mara tatu. Mwaka jana alipotea sekunde chache tu kwenye kituo cha treni, na kweli, nilipoulizwa amevaa nini sikuweza kusema.

Na kigari au mbeleko bado sijajua.

Mtembezi Taratibu

Vyote viwili, ila kigari kiwe kile chepesi cha kukunja kwa mkono mmoja, kwa sababu mkono wa pili utakuwa na kijana. Mbeleko ni ya ngazi, umati na mji wa kale wenye mawe njiani, ambako magurudumu yanakwama. Na msisahau kijana naye anachoka. Wa miaka minne mnadhani ni mkubwa kwa sababu kuna mdogo, lakini jioni anataka kukalia kigari. Hapo binti anapanda mbeleko, kijana anapanda kigari, mnafika.

Bibi Msafiri

Wanangu, nimewasoma wote, mmesema vyema. Mimi nina wajukuu sita na kila mmoja nimesafiri naye akiwa mdogo. Naongeza kidogo.

Mama Wawili, katika orodha yako hakuna hata kimoja alichochagua kijana. Miaka minne si midogo. Chukua yale mawili mliyobakiza na la akiba, umwonyeshe picha, umuulize. Lakini usimpe tisa achague, atachanganyikiwa. Mpe hayo matatu tu, achague moja, na akishachagua liwe lake. Mtoto anayejua "kesho ni siku yangu ya boti" anavumilia leo.

Na mweleze safari nzima kabla haijaanza, kwa mpangilio: tutaingia treni, utakaa dirishani, tutafika kwenye chumba ambacho si chetu, kitanda kitakuwa kingine, mtalala usiku mbili, kisha tutarudi. Hesabu hizo usiku kwa vidole vyake. Nimeona watoto wengi wakilia usiku wa kwanza kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba watarudi nyumbani. Beba shuka la mto wa binti bila kulifua. Lile lenye harufu yake.

Na acheni nafasi ya vitu visivyo kwenye orodha ya mtu. Mjukuu wangu wa nne, siku moja tukiwa safarini, alisimama ukingoni mwa barabara akitazama mafundi wawili wakipandisha kioo cha dirisha ghorofa ya tatu kwa kamba. Kioo kilikuwa kikubwa kuliko mlango. Kila kikiyumba anashika mkono wangu. Walipokifikisha na kukipachika alipiga makofi, na fundi mmoja akamwinulia kofia. Tulisimama dakika 20. Tulikuwa tunakwenda kuona jengo fulani maarufu na sikumbuki kama tulifika.

Mama Wawili

Wadau, nimekaa na mume wangu jana tukakata. Hii ndiyo imebaki.

Ijumaa: kufika, kuacha mizigo, kula, kulala. Jioni bustani kubwa, dakika nane kwa miguu. Basi.
Jumamosi: jumba la samaki, saa 3 asubuhi likifunguliwa. Mchana usingizi. Alasiri bustani tena, au mtaani.
Jumapili: boti, amechagua kijana mwenyewe. Mizigo mapokezi, nimepiga simu, wamekubali, na jina la dada aliyenijibu nimeandika. Mchana binti alale kwenye kigari. Akiba ni mnara, hatujakata tiketi.

Binti nimemjaribu Jumamosi mbili. Ya kwanza alilala dakika 35, ya pili saa nzima na robo.

Baba Pacha

Safi sana dada. Kasoro moja: boti haina paa la uhakika na Jumapili hamna chumba. Tafuta tangu sasa mahali pa kujikinga na mvua, na kijana aambiwe mapema kwamba mvua ikinyesha boti haziendi. Asilisikie bandarini kwa mara ya kwanza.

Mama Wawili

Wadau, tumerudi juzi. Niliahidi mrejesho.

Ijumaa ilikwenda kama tulivyoandika, ila binti aligoma kulala mchana, akalala saa 11 jioni kwenye kigari bustanini na usiku akawa macho mpaka saa 4. Tulimwachia tu azunguke chumba. Kupiga magoti kulisaidia, tulikuta pini ya nywele chini ya kabati.

Jumamosi ndiyo ninayotaka kuwaeleza. Tulifika jumba la samaki mlango unafunguliwa. Kuna tangi kubwa, kioo kinaanzia sakafuni hadi darini, na ndani alikuwamo mzamiaji na sponji, anasafisha kioo kwa ndani. Kijana akasimama mbele yake. Papa amepita, hakumwangalia. Kasa amepita, hakumwangalia. Yeye alifuata sponji tu, mzamiaji akisogea kushoto naye anasogea kushoto. Mwisho akabandika kiganja kwenye kioo. Yule mzamiaji akamwona, akaacha kufuta, akabandika kiganja chake upande wa pili, palepale. Wakakaa hivyo. Mapovu yanapanda, binti yuko mgongoni kwangu anapiga kelele za furaha. Nilikumbuka nyangumi wa Fundi Ramani, nikazuia mdomo wangu usiseme "twende tukaone kule". Tuliona tangi lile na jingine dogo, tukatoka. Kijana anamwambia kila mtu kwamba amekutana na mtu anayeosha bahari.

Jumapili mvua. Boti hazikwenda. Alilia, lakini alikuwa ameambiwa, na kilio kilikuwa cha huzuni, si kile cha mwaka jana. Tulipanda basi la ghorofa, tukakaa juu mbele kabisa, tukaenda nalo mpaka mwisho wa njia na kurudi. Binti alilala njia nzima mapajani kwa baba yake. Ikawa ndiyo boti.

Mnara hatukupanda. Tuliuona Jumamosi usiku kutoka varandani, watoto wamelala, taa zake zinabadilika rangi. Mimi na mume wangu tulikaa pale kuanzia saa 2 mpaka saa 5 kasoro tukiongea. Ulikuwa muda mrefu sana hatujaongea hivyo.

Nesi wa Zamu

Nimefurahi sana mama. Na kiti cha varandani?

Mama Wawili

Tulikiingiza ndani kabla ya kulala, dada, na mlango tukaufunga na komeo la juu. Asubuhi nilimkuta kijana amesimama nyuma ya kioo cha mlango, kiganja kimebandikwa, anamngoja njiwa naye abandike wake.